Mume na vyuma, mke na mkeka

Swali: "Assalaam alaikum mtaalamu. Mimi ni seremala, nina miaka 37, nakaa Makorora, Tanga. Mwaka wa nne huu napiga vyuma siku tatu kwa wiki kwenye jimu ya uwani kwa jirani. Nguvu ninazo, ila mwili umekuwa mkavu kama ubao. Nikiinama rukuu kwenye sala, nyuma ya mapaja inavuta, na nikikaa tahiyatu goti la kulia linalalamika. Mke wangu, miaka 39, ameanza yoga kwa kufuata video za kwenye simu, na yeye anakunjika kama kamba. Ananiambia niache vyuma nije kwenye mkeka. Mimi namwambia mkeka haujengi mtu. Wenzangu wa jimu wanasema yoga inalegeza misuli na kuiba nguvu. Majirani wa mke wangu nao wanasema yoga ni ibada ya watu wengine. Je, hivi viwili vinakwenda pamoja? Tuanze na kipi, siku zipi, na bila gharama kubwa?"

Waalaikumu salaam ndugu yangu, na salamu zangu zimfikie shemeji. Nimecheka kidogo niliposoma, maana ugomvi wenu nimeukuta katika nyumba nyingi za mji huu. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na jioni nafundisha mazoezi, kwa hiyo mume huniijia asubuhi na kiuno chake, mke akaniijia alasiri na bega lake. Nitakujibu kwa urefu. Mengine hayatakufurahisha wewe, mengine hayatamfurahisha yeye.

Nianze na lako. Vyuma unavisingizia. Nimeingia jimu nyingi za uwani, Makorora, Mikanjuni, mpaka Ngamiani ndani, zile za ekseli ya gari kuukuu na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na karibu kila ninakoingia nakuta chuma kizito kuliko mwenye nacho, kikiendeshwa nusu ya safari. Kijana anaweka kilo 80 mabegani, anakunja magoti kama mtu anayepima kama kiti kina vumbi, anarudi juu, wenzake wanamshangilia. Kifuani hivyo hivyo: chuma kinashuka nusu, kinarudi. Sasa misuli ina tabia moja. Inakuwa hodari pale unapoifanyisha kazi, na pale usipofika inabaki ngeni. Miaka minne ya nusu mwendo imekufanya bingwa wa nusu mwendo. Ongeza na kazi yako, kutwa umeinamia benchi na randa, kisha baiskeli kwenda na kurudi kama ilivyo desturi yetu Tanga. Tangu alfajiri mpaka usiku nyonga zako hazijanyooka sawasawa hata mara moja.

Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 uliokusanya tafiti 11 zilizolinganisha watu waliofanya mazoezi ya nguvu na watu waliojinyoosha tu. Kwa upana wa mwendo wa viungo, haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Yaani anayenyanyua mzigo kwa mwendo mpana ananyumbulika karibu sawa na anayejinyoosha, na juu yake anapata nguvu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya ukavu wako iko hapo hapo uwani kwa jirani, kabla hujafika kwenye mkeka wa shemeji.

Hebu tuichukue hiyo rukuu yako, maana imenipa mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeutunga. Madrasani tulifundishwa mgongo ulale sawa, kichwa kisining'inie wala kisiinuliwe. Mwendo huo unatoka kwenye nyonga: makalio yanarudi nyuma, mgongo unabaki ulivyo, nyuma ya mapaja inavutika. Watu wengi wakikakamaa huacha kuinama kwa nyonga, wakainama kwa kiuno. Mgongo unapinda kama upinde, na mtu anaamini ameinama. Sasa chukua chuma chepesi, au dumu la lita 10 kila mkono, simama miguu upana wa nyonga, legeza magoti kidogo, urudishe makalio nyuma kama unayesukuma mlango nyuma yako huku mizigo ikiteleza mbele ya mapaja. Shuka mpaka usikie nyuma ya mapaja imevutwa, si mpaka mgongo upinde. Tulia hesabu mbili, rudi. Ni rukuu yenye mzigo. Ukifanya mara 10, ukapumzika dakika mbili, ukarudia mara tatu, siku mbili kwa wiki, hapo unajenga nyuma ya mapaja na kuirefusha kwa wakati mmoja. Nimekwisha kuwaona makuli na mafundi waliopata nafuu ya kuinama kwa zoezi hili peke yake, bila kugusa mkeka.

Pili ni kuchuchumaa. Nina hakika ukichuchumaa kikamilifu visigino vinanyanyuka au unaanguka kinyumenyume. Babu zetu hawakuwa na shida hiyo. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, jiko lilikuwa chini, na mazungumzo yalikuwa chini ya mwembe bila viti. Wewe ni seremala, basi jitengenezee dawa: kata ubao wa unene wa inchi moja, ukanyagie visigino, ukumbatie dumu la lita 10 kifuani, kisha shuka mpaka mapaja yagusane na mashavu ya miguu. Dumu la mbele linakuwa kama nanga, halikuachi uanguke nyuma. Kila baada ya wiki mbili upige randa ule ubao uwe mwembamba kidogo. Siku utakapobaki kama karatasi, utakuwa unachuchumaa kwa visigino vyako mwenyewe. Goti lako likikataa, shuka mpaka pale linapokubali bila maumivu na uongeze taratibu. Nitalirudia goti mbele.

Najua maana yake. Kama nawe unabeba kilo 80, zitashuka mpaka 40 kwa wiki sita hivi, na wenzako watakucheka. Waache wacheke.

Sasa hilo la kwamba yoga inaiba nguvu. Lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haliondoki midomoni mwa watu. Ukiushika msuli mmoja ukaunyoosha tuli kwa dakika nzima au zaidi, kisha ukaenda moja kwa moja kunyanyua uzito wako mkubwa kabisa, nguvu za wakati huo zinapungua kwa asilimia chache. Ukinyoosha kwa chini ya nusu dakika na ukapasha mwili moto kabla ya kunyanyua, tofauti hata huihisi. Na ni upungufu wa muda mfupi; kesho yake haupo. Hakuna misuli inayoliwa wala kulegezwa na mkeka. Kinachotokea kwa anayejinyoosha wiki hadi wiki, kwa sehemu kubwa, ni kwamba mishipa ya fahamu inazoea ule mvuto, inaacha kuupigia kelele. Kwa hiyo siku mnayofanya vyote viwili, chuma kitangulie, mkeka ufuate. Kabla ya chuma, dakika tano au sita za kuchangamsha mwili zinatosha: kuzungusha mabega, kuchuchumaa bila mzigo, kupiga hatua ndefu mbele na kurudi. Wenzako hapo wana haki nusu, waambie hivyo.

Kuna jambo linalonifurahisha katika historia ya mambo haya, na huenda likapunguza makali ya ugomvi wenu. Huko India kwenyewe, vyuma na yoga vilikaa nyumba moja mapema sana. Kitabu cha zamani cha hatha yoga, kiitwacho Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15 tu, na mingi ni ya kukaa. Yoga mnayoiona kwenye simu, ya kutoka mkao mmoja kwenda mwingine kwa jasho, ilichukua sura yake hasa katika miaka ya 1920 na 1930. Mysore, katika jumba la mfalme, Krishnamacharya alikuwa akifundisha yoga. Miaka hiyo hiyo, Bangalore, K. V. Iyer alikuwa mjenga mwili mashuhuri, mtu wa miraba minne, aliyenyanyua vyuma na kufanya hatha yoga na kuwaambia wanafunzi wake kwamba viwili hivyo vinafaa pamoja. Wapigana mieleka wa huko nao walikuwa na danda, ambayo ukiiona utasema ni pushapu ya kuteleza mbele, na baithak, ambayo ni kuchuchumaa mara nyingi mfululizo. Kwa hiyo mnaogombana ni ninyi. Vyuma na yoga vyenyewe vilipatana zamani.

Majirani wa shemeji siwezi kuwapuuza. Mimi si sheikh, na swali la ibada lina wenyewe. Nitasema tu ninachokijua. Yoga ilizaliwa ndani ya mila za dini za India, na mfululizo maarufu wa surya namaskar maana yake ni kusalimia jua, hilo halifichiki. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga yenye maombi na ibada ndani yake, na siku chache baadaye waziri mkuu wa huko akafafanua kwamba Waislamu wanaweza kuendelea na mazoezi ya mwili yasiyo na maneno ya ibada. Mwaka 2017 Saudi Arabia ikaitambua yoga kuwa ni mchezo wa mazoezi. Basi shemeji akipenda, aache maneno asiyoyajua, aache kuunganisha viganja kifuani, aache kusalimia chochote, abaki na kuinama, kusukuma, kusawazisha mwili na kupumua. Mimi darasani kwangu siiti yoga hata. Naita kunyoosha viungo kwa pumzi, na kina mama wanakuja na mabuibui yao, tunafunga mlango, tunafanya kazi. Akiwa bado na shaka, amuulize sheikh anayemwamini, amweleze hasa anachokifanya, asimwambie neno "yoga" tu akaishia hapo.

Sasa zamu ya shemeji, na hapa ndipo nadhani pana jambo ambalo video hazimwambii.

Tazama darasa lolote la yoga uhesabu: ni mara ngapi mtu anasukuma sakafu kwa mikono? Mara nyingi mno. Mkao wa mbwa anayejinyoosha, mikono na miguu sakafuni na makalio juu, ni kusukuma. Ule wa kushuka kama pushapu, viwiko vimebana mbavu, unaoitwa chaturanga, ni kusukuma. Kisha hesabu ni mara ngapi anavuta kitu kuelekea kwake. Hakuna! Mkeka haushikiki, huwezi kuuvuta. Mtu anaweza kufanya yoga miaka 10 na misuli ya katikati ya mabega nyuma isipate kazi ya maana hata siku moja, huku ya mbele ikichoka kila siku. Bega linaanza kusogea mbele, na siku moja linauma.

Mimi mwenyewe niliumia hivyo. Nilikwenda mafunzo ya wiki mbili, mahali sipataji, mwalimu akatushusha chaturanga makumi kwa makumi kila asubuhi, na kila nikisema bega linachoma naambiwa nipumulie ndani ya maumivu. Nikapumulia. Nikarudi Tanga nikakaa miezi minne siwezi kuinua mkono kuanika nguo kwenye kamba. Tangu hapo mtu akiniambia nipumulie maumivu makali ya kiungo, naondoka.

Lingine linalokosekana kwenye mkeka ni mzigo unaokua. Uzito wa mwili wa shemeji wiki hii ni ule ule wa wiki ijayo. Mwanzoni ni mzigo wa kutosha, na atapata nguvu kweli, lakini baada ya miezi kadhaa mwili utauzoea na utaacha kubadilika. Kwa mwanamke wa miaka 39 hili si la urembo. Akikaribia kukoma hedhi, na miaka michache baada yake, mifupa hupoteza madini kwa kasi, na kinachoiambia mifupa ibaki imara ni mzigo mzito kuliko iliouzoea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na pamoja na hayo mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Akitembea jioni Raskazone kwa mwendo wa haraka, zile dakika anazipata. Zile siku mbili ndizo anazozikosa.

Na asiogope kuwa na miraba minne kama wewe. Homoni inayokuza misuli kwa wingi, wanaume tunayo mara kumi na zaidi ya wanawake. Wewe umehangaika miaka minne kupata hicho kifua; yeye hatakipata kwa ajali.

Anachohitaji kiko jikoni. Dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni chuma unachoweza kukipunguza na kukiongeza kwa bomba. Hakuna duka la vifaa vya mazoezi lenye chuma kilicho rahisi kurekebisha kama hicho. Aanze na lita 6. Ainame ile rukuu yenye mgongo sawa, mkono mmoja ushike benchi au kiti, mwingine uvute dumu mpaka kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu, kisha alishushe taratibu. Mara 10 kila mkono, mizunguko mitatu. Hiyo ndiyo mvuto ambao mkeka umemnyima. Kila wiki aongeze nusu lita, mpaka ile mara ya 10 iwe ngumu kweli. Afanye pia kuchuchumaa na dumu kifuani kama wewe, na kusukuma ukuta, kisha benchi, kisha sakafu. Siku mbili kwa wiki, dakika 30, hazizidi.

Umesema anakunjika kama kamba, nawe umelisema kwa wivu. Mimi nimelisoma kwa wasiwasi kidogo. Kuna watu viungo vyao ni vilegevu tangu kuzaliwa: kiwiko kinapinda kupita mstari, kidole gumba kikikunjwa kinagusa kigasha. Watu hao ndio yoga inaowasifu zaidi na ndio inaowaumiza kimyakimya, maana wananing'inia kwenye kano badala ya kushikwa na misuli. Akianza kusikia maumivu chini ya kalio, pale kwenye mfupa tunaokalia, hasa akikaa muda mrefu au akiinamia miguu, asizidi kujinyoosha. Hiyo mara nyingi ni kano ya nyuma ya paja iliyochokozwa kwa kuvutwa mno, na tiba yake ni kupunguza kuvuta na kuipa mzigo taratibu. Mkao wowote aishie kabla ya mwisho wake, akaze misuli, ashikilie hapo. Kwako wewe nasema nenda mbali zaidi. Kwake nasema rudi nyuma kidogo. Video moja haiwezi kuwaambia wawili ninyi maneno hayo mawili kwa wakati mmoja.

Siku je? Wiki yetu inaanza Jumamosi, basi ianze hivyo. Wewe vyuma Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Ukimaliza, dakika 10 za mkeka hapo hapo ukiwa na joto. Jumapili au Jumanne, kisha Alhamisi, wewe na shemeji pamoja, dakika 40 za yoga, yeye akiongoza maana ndiye anayejua. Yeye dumu lake Jumamosi na Jumatano, ukimsaidia kuinua na kuhesabu. Ijumaa pumzikeni. Msuli uliofanya kazi nzito unahitaji kama siku mbili kabla haujarudiwa kwa uzito ule ule, na wewe tena randa haikupi likizo. Siku uliyopasua mbao kutwa, punguza, usijifanye shujaa. Maumivu ya siku ya pili baada ya vyuma mkeka hautayaondoa, watu wanadanganyana hapo, ila utakusaidia kutembea ukiwa mtu.

Ramadhani punguzeni uzito na mizunguko, mfanye saa moja kabla ya futari kwa wepesi au baada ya tarawehe mkiwa mmekunywa maji. Na miezi ya kaskazi, joto likiwa na unyevu huu wetu ambao jasho halikauki, msifunge madirisha kwa kudhani jasho jingi ni faida.

Katika mkeka, usihangaike na mikao mingi. Kwako nataka minne. Wa kwanza ni hatua ndefu, goti la nyuma chini, nyonga ikishuka mbele. Huo unafungua mbele ya nyonga iliyofungwa na baiskeli. Kaza kalio la mguu wa nyuma, la sivyo utapinda kiuno na kudhani nyonga imefunguka. Wa pili, lala chali, pitisha kanga ya shemeji kwenye wayo, inua mguu ulionyooka huku mwingine umelala. Wa tatu ni swila, umelala kifudifudi unainua kifua bila kusukuma sana kwa mikono. Huo ndio kinyume cha benchi lako la kazi. Wa nne ni mbwa anayejinyoosha, na magoti uyakunje bila aibu mpaka mgongo unyooke, visigino vitakuja siku vikitaka. Kila mmoja pumzi tano mpaka nane za polepole kwa pua, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kutoa pumzi kwa kirefu kunatuliza mapigo ya moyo, na hilo vyuma havikupi. Mwisho lala chali dakika tano bila kufanya chochote. Kwa Kisanskriti huo unaitwa mkao wa maiti, jina ambalo nakushauri usimtajie mama mkwe.

Kuhusu pumzi, msizichanganye. Ukinyanyua kizito unakaza tumbo na kutoa pumzi unapomaliza kusukuma; kwenye mkeka unaachia. Mwenye presha asibane pumzi kwenye chuma. Mwenye presha ya macho naye aachane na mikao ya kichwa chini, hata ule wa mbwa, maana shinikizo ndani ya jicho hupanda. Pimeni presha wote wawili kabla ya kuanza, ni kazi ya dakika mbili.

Gharama hakuna. Mkeka wa miyaa unateleza juu ya marumaru na juu ya saruji iliyong'arishwa, kwa hiyo tandika kitambaa kibichi kidogo chini yake, au simameni peku kwenye sakafu kavu. Ufukweni pia mnaweza kwenda, lakini maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu. Mchanga laini unazamisha kisigino cha kiganja, kifundo cha mkono kinapinda zaidi, na kesho hushiki randa.

Chakula nakigusa tu. Anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake. Ukiwa na kilo 72 ni gramu 115 hivi kwa siku. Mayai matatu yana gramu 18, samaki robo kilo aliyepikwa kama 50, kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa 15, glasi mbili za maziwa 16, na ugali, wali na chapati vinaleta zilizobaki. Makopo ya unga wa protini yanayouzwa kwa bei ya mbuzi, achana nayo. Dagaa wapo.

Na goti. Kwenye tahiyatu goti linakunjwa mpaka mwisho wake, na mguu wa kulia vidole vimepindwa, kwa hiyo kinachouma huenda kikawa ni goti lenyewe au kifundo na vidole vilivyokakamaa vikilibebesha goti mzigo. Weka mto mwembamba kati ya kisigino na kalio uone. Maumivu yakiisha, huenda ni ukavu tu: kila siku piga magoti juu ya kitu laini, mikono mbele ikibeba sehemu ya uzito, rudi nyuma mpaka pale panapovumilika, pumzi tano, na kila wiki mto upungue. Likivimba, likikwama katikati ya mwendo, au likikuacha ghafla ukitembea, acha yote haya uende hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu wakaliangalie. Hali kadhalika kiuno kikianza kupeleka ganzi mguuni. Na ganzi ikifika sehemu za siri au haja ikikushinda kujizuia, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Leo kabla hujalala fanya kitu kimoja. Vua viatu, simama ukitazama ukuta, weka mguu wa kulia mbele, kisigino kikiwa chini, upeleke goti mpaka liguse ukuta. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufikie mahali ambapo goti linagusa kwa taabu na kisigino bado hakijanyanyuka. Weka alama sakafuni mbele ya kidole gumba, pima mpaka ukutani. Mtu wa kawaida hufika kama sentimita 10. Fanya na mguu wa kushoto, kisha shemeji naye apime yake. Urudie baada ya wiki nane uniandikie. Penseli najua unayo, iko sikioni.